Daktari anataka kukata mfupa chini ya goti langu, na mke wangu hajui

Shikamoo mama.

Mimi ni fundi marumaru, nina miaka 46, naishi Arusha na mke na watoto watatu. Safu yako huwa naisoma kwenye simu tukipumzika kunywa chai saiti. Sikuwahi kudhani kuna siku nitakuandikia. Naomba jina langu lisitoke.

Nilizaliwa na kukulia upande wa Maji ya Chai. Kama unapajua kwetu, unajua habari ya meno ya kahawia, na unajua kuna watoto ambao miguu ilipinda wakiwa bado wadogo. Mimi nina matege. Shule ya msingi waliniita Mabano, na jina hilo limenifuata hadi kazini. Vijana ninaowafundisha kazi wananiita Mzee Mabano na mimi naitika. Halikunisumbua, kwa sababu miguu yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Nimepiga magoti kwenye sakafu za watu kwa miaka 24.

Goti la kushoto lilianza kuuma kama miaka mitano iliyopita, upande wa ndani. Mwanzoni lilikuwa la jioni tu, nikishuka ngazi. Siku hizi asubuhi linakuwa limekakamaa, lazima nikae ukingoni mwa kitanda nilikunje na kulinyoosha mara kadhaa ndipo nisimame, na nikilikunja nasikia kitu kinasaga ndani kama mchanga ulioingia kati ya marumaru mbili. Duka la dawa walinipa diklofenaki na sasa sipitishi siku mbili bila kumeza. Mwaka jana nilichomwa sindano ndani ya goti mara tatu. Ya kwanza ilinipa miezi miwili ya raha. Ya tatu haikufika wiki mbili. Watu wanasema ute umekauka, nile bamia na supu ya kongoro. Nimekula vyote, goti liko vilevile.

Kilichonipeleka hospitali ni siku moja nilikuwa nabandika marumaru za bafu kwenye nyumba ya mteja huko Njiro. Nilimaliza mstari wa mwisho, nikataka kuinuka, goti likakataa. Nikashika ukuta ambao nimetoka kuubandika, marumaru mbili zikateleza. Kijana wangu akaja kuniinua kwa kunishika kwapani, na mwenye nyumba amesimama mlangoni anaangalia. Hakusema kitu. Kazi ya jiko lake alimpa fundi mwingine.

Daktari wa mifupa alinipiga picha ndefu ya eksirei, nimesimama, kuanzia nyonga hadi kwenye kifundo cha mguu. Akachukua rula na peni nyekundu, akachora mstari kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo. Mama, ule mstari haukupita gotini kabisa. Ulipita pembeni, upande wa ndani, kwenye weusi mtupu wa picha. Akaniuliza, fundi, ukuta wako ukitoka kwenye timazi namna hii unafanyaje? Nikamwambia ukuta huo nabomoa. Akasema yeye habomoi. Atakata mfupa wa ugoko chini kidogo ya goti, aufungue upande wa ndani kama mtu anayeingiza kabari, aweke pleti na skrubu, ili uzito wangu uhamie upande wa nje wa goti ambao bado ni mzima. Magongo wiki sita. Kazi nzito, nihesabu miezi mitano au sita. Akaniuliza kama navuta sigara. Navuta, pakiti moja inaenda siku mbili. Akasema nisipoacha hanigusi.

Hiyo ni miezi minne imepita. Mke wangu hajui. Baba yake alikuwa na kisukari, walimkata kidole, halafu wakamkata chini ya goti, na hakumaliza mwaka. Mke wangu ndiye aliyekuwa anamfunga kidonda. Nikimwambia nakwenda kukatwa mfupa najua atakachokiona. Nimemwambia daktari amenipa dawa tu, na ile picha nimeificha nyuma ya kabati.

Dada yangu yuko Marekani anahudumia wazee. Huyo nimemwambia. Anasema kule wazee wanawekewa magoti ya bandia na wanatembea, nisikubali kukatwakatwa, nimpe mwaka mmoja na nusu akusanye hela anipeleke India niwekewe goti jipya, yaishe. Mama yangu mzazi naye anasema hili si goti, ni lile shamba la migomba tuliloshtakiana na baba mdogo, kwamba kuna mtu amechukua unyayo wangu.

Mimi mwenyewe sijui. Gharama niliyotajiwa hospitali ni sawa na faida yangu ya nyumba tatu nzima, na sina bima. Mtoto wa kwanza yuko kidato cha sita. Mwezi wa kumi nina kazi ya loji moja Usa River, vyumba 18, ambayo nimeshaikubali. Nikatwe sasa au nivumilie nimsubiri dada? Na mke wangu nimwambie kabla, au nipange tarehe kwanza?

Fundi, Arusha

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale kwenye zile marumaru mbili zilizoteleza. Fundi wa miaka 24 kuinuliwa kwapani mbele ya mteja ni maumivu ambayo eksirei haiyaonyeshi.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba kabla ya kazi hii ya kalamu nilikuwa muuguzi, na miaka kadhaa niliifanya wodi ya mifupa. Mimi si daktari wako na picha yako sijaiona, kwa hiyo sitakuambia ukatwe wala usikatwe. Ninachoweza ni kukaa nawe tuligeuze jambo hili pande zake zote. Umeniuliza swali la mfupa, lakini nusu ya barua yako inazungumzia nyumbani, na nadhani hiyo nusu ndiyo iliyokukalisha miezi minne.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu mtu akisema "nakwenda kukatwa mguu", kila anayesikia anaona mguu umeondoka. Wewe mwenyewe umeandika "nikatwe sasa". Mkeo amemfunga baba yake kidonda, neno hilo kwake lina harufu. Alichokueleza daktari ni kitu cha aina nyingine kabisa: mfupa unapasuliwa kuanzia upande wa ndani kuelekea nje, lakini haumalizwi. Kipande chembamba cha upande wa nje, kama sentimita moja, kinaachwa kikiwa kimeshikana kama bawaba ya mlango. Kisha mlango huo unafunguliwa taratibu, milimita kwa milimita, hadi mstari ukae panapotakiwa, ndipo pleti inafungwa. Mguu unabaki wote. Kuna njia nyingine ya zamani zaidi ambapo kabari ya mfupa hutolewa upande wa nje na pengo likafungwa, na huko mfupa mwembamba wa pembeni nao hulazimika kuguswa. Maelezo yako yanaonyesha daktari wako anafikiria ile ya kufungua.

Hili si jaribio jipya. Wapasuaji Jackson na Waugh wa Uingereza waliliandika mwaka 1961, na mwenzao Coventry wa hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani akalifuatia mwaka 1965. Magoti ya bandia yalipokuwa mazuri, upasuaji huu ulisahaulika kiasi, halafu pleti za kisasa ambazo skrubu zake hujifunga ndani ya pleti yenyewe zikaurudisha, hasa kwa watu kama wewe: hawajafika uzeeni, kazi yao ni ya nguvu, na goti limeharibika upande mmoja tu.

Na kwa nini upande mmoja? Hata mtu mwenye miguu iliyonyooka, akitembea, takriban asilimia 60 hadi 70 ya mzigo wa goti hupita upande wa ndani. Mwenye matege huongezewa hapo hapo. Kwa hiyo mwanangu, ute haukukauka. Goti lako limebebeshwa upande mmoja tangu ukiwa mtoto, kisha ukalipigisha magoti miaka 24, na lile gegedu laini linalofunika ncha za mifupa upande wa ndani limelika. Mchanga unaousikia ndio huo. Kongoro na bamia ni chakula kizuri, endelea kula kama unavipenda, ila havifiki pale palipolika.

Lipo jambo moja kwenye barua yako ambalo sina hakika kama daktari alilisikia, nalo ni Maji ya Chai. Maji ya upande ule yana floraidi nyingi kupita kiasi, ndiyo iliyotia meno rangi na kupinda miguu ya watoto. Floraidi hiyo hubadilisha na ubora wa mfupa wenyewe. Daktari anayepanga kukata mfupa na kusubiri uunge anapaswa kujua ulikunywa maji gani miaka yako ya kukua. Mwambie waziwazi, asikisie kwa kuangalia meno.

Sasa lile timazi. Daktari alikupa mfano mzuri kwa sababu wewe ni fundi, lakini naomba tuuchunguze kidogo, maana unaweza kukudanganya. Ukuta ukishaunyoosha, kazi imekwisha siku hiyo. Mfupa ni kitu hai. Likishafunguliwa lile pengo, wakati mwingine hujazwa kipande cha mfupa kutoka nyonga yako na wakati mwingine huachwa, na kazi ya kulijaza kabisa inafanywa na mwili wako, kwa miezi mitatu hadi sita. Pleti inashikilia tu wakati mwili unajenga. Ndiyo sababu ya lile sharti la sigara. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa usiopata damu hukawia kuunga au hugoma kabisa. Nimewaona wodini watu waliorudi mwezi wa nane baada ya upasuaji bado wana magongo. Daktari aliposema hakugusi, naamini alikuwa anakulinda na hilo. Lakini umeandika sigara kwenye mistari michache tu, na hukusema kama umepunguza hata moja tangu siku ile. Sikulaumu, ila utakapoliamua hili, jiulize sigara iko wapi kwenye uamuzi wako.

Hatari nyingine nitakutajia bila kuzipamba. Ile bawaba ya nje inaweza kupasuka wakati wa kufungua, na ikipasuka vibaya uungaji huchelewa. Kidonda kinaweza kuingia wadudu. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, ndiyo maana huwa tunamsumbua mgonjwa achezeshe vidole na kifundo kuanzia siku ya kwanza. Neva au mishipa ya damu iliyo nyuma ya goti inaweza kuumia, ingawa ni mara chache. Na mstari wenyewe unaweza kunyooshwa pungufu au kupitilizwa. Mahali unapolengwa si katikati kamili ya goti, ni nje kidogo ya katikati. Daktari wa Kijapani Fujisawa na wenzake mwaka 1979 walionyesha sehemu hiyo, karibu asilimia 62 ya upana wa goti ukipima kutoka ndani, na hadi leo wapasuaji huitumia kama alama, wengine wakipunguza kidogo. Kwa hiyo swali la haki kumuuliza daktari yeyote ni hili: upasuaji huu umeufanya mara ngapi, na hesabu ya pembe unaipigaje kabla ya kushika kisu? Hutamkosea adabu. Wewe mwenyewe mteja akikuuliza umebandika sakafu ngapi, unamjibu.

Na ukifanikiwa? Maumivu hupungua, kwa wengi sana, na kuendelea kupungua hadi mwaka unatimia. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10, watu kama saba hadi tisa kati ya 10 bado wanatumia goti lao wenyewe bila kuhitaji la bandia. Lakini gegedu lililolika halirudi kuwa jipya. Unachopata ni muda. Ukiwa na miaka 46, miaka 10 au 15 ya goti lako mwenyewe inaweza kuwa ndiyo miaka ya kuwamaliza watoto shule. Inaweza pia, ikiwa mambo yataenda vibaya, kuwa ni miezi sita bila kipato na maumivu yaleyale. Yote mawili yapo mezani.

Kuna kitu kidogo ambacho fundi marumaru lazima akijue na huenda hakuna aliyekuambia. Ile pleti hukaa upande wa ndani, chini tu ya goti, mahali ambapo nyama ni nyembamba. Ukipiga magoti sakafuni inaweza kukuchoma, na watu wengi huishia kuitoa baada ya mfupa kuunga, kwa upasuaji wa pili mdogo. Uliza kama gharama uliyotajiwa inajumuisha na huo. Uliza pia kama anaamini utarudi kufanya kazi ukiwa umepiga magoti kutwa nzima, au utarudi kwa namna nyingine.

Halafu kuna Mabano. Umesema jina hilo halikukusumbua, na huenda ni kweli. Ila mtu wa miaka 46 haanzi barua ya goti kwa jina la utani la shule ya msingi bila sababu. Kama ndani yako kuna sehemu inayotamani kunyooka mbele za watu, si dhambi. Nataka tu ujue kwamba daktari amezungumzia mguu wa kushoto. Wa kulia utabaki ulivyo, pengine nao ukadai zamu yake baadaye, na kwa kipindi utakuwa na mguu mmoja ulionyooka na mmoja wenye tege. Ukijitazama hivyo, je, bado ungeutaka upasuaji huu kwa ajili ya maumivu peke yake? Jibu lako mwenyewe litakufaa kuliko langu.

Dada yako anakupenda na anachokiona kazini kwake ni cha kweli. Goti la bandia ni moja ya upasuaji unaofanikiwa sana duniani, na magoti mengi hudumu miaka 20 na zaidi. Lakini anawahudumia wazee. Mzee wa miaka 75 halibebeshi goti lake ndoo za saruji. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwanaume anayewekewa goti la bandia akiwa na miaka 50 hadi 54 ana uwezekano wa takriban asilimia 35 wa kuja kufunguliwa tena na kubadilishiwa kabla hajafa, wakati kwa waliozidi miaka 70 ni kama asilimia 5. Wewe uko chini hata ya hiyo 50. Kule kubadilishiwa mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Na wengi wenye goti la bandia hupata shida kupiga magoti. Kwa upande wa pili, goti la bandia lina faida moja ambayo nyumba yenye mtoto wa kidato cha sita haiwezi kuidharau: unalikanyaga siku hiyohiyo au kesho yake, husubiri mfupa kuunga. Kuna hata la nusu, linalobadilisha upande wa ndani tu, ingawa mguu uliopinda sana mara nyingi haulifai. Na ukinyooshwa mfupa sasa, mlango wa goti la bandia haufungwi. Baadaye linaweza kuwekwa, japo mpasuaji atafanya kazi ngumu zaidi kwa sababu ya kovu na pleti ya zamani.

Kwa hiyo wewe na dada yako hamgombani kuhusu upasuaji upi ni mzuri. Mnatofautiana kuhusu nini kije kwanza. Nadhani ukimwambia hivyo mtazungumza vizuri zaidi. Muulize pia kama ile hela anayoikusanya ya India ingeweza kuwa ya chakula na ada kwa miezi sita hapa Arusha, iwapo utaamua hivyo. Huenda hajawahi kulifikiria kwa sababu hujawahi kumwambia kwamba kinachokutisha ni miezi hiyo sita. Na kabla ya kufikiria ndege, mabingwa wa mifupa wapo hospitali ya KCMC pale Moshi na wapo MOI, taasisi ya mifupa kule Muhimbili. Daktari wa pili kuiangalia picha yako ni haki yako, na daktari mzuri haudhiki.

Kusubiri nako si kukaa bure. Kila kilo moja unayopunguza mwilini hulipunguzia goti karibu kilo nne kwa kila hatua. Sijui uzito wako, wewe unaujua. Mazoezi ya misuli ya paja, ukifundishwa na mtu wa fiziotherapia na ukayafanya kweli kwa miezi mitatu, huwapunguzia wengi maumivu kama vidonge, bila kuharibu tumbo. Ambacho naomba usisubirie nacho ni diklofenaki ya kumeza kila baada ya siku mbili bila daktari kujua, kwa sababu hutoboa tumbo kimyakimya na kuumiza figo. Zile sindano nazo, zikirudiwa mara kwa mara, zinaweza kuharakisha gegedu kulika, na mwili wako umeshakuonyesha kwamba ya tatu haikufika wiki mbili. Kusubiri kuna hatari nyingine ya polepole: upasuaji wa kunyoosha unategemea upande wa nje uwe mzima. Ukilika na huo, au goti likishindwa kujikunja vya kutosha, nafasi hiyo hupita na goti la bandia ndilo linalobaki. Muulize daktari anadhani una muda gani.

Mama yako usimbishie. Amekuona ukitembea kwa matege tangu ulipoanza kusimama, na huenda miaka yote hiyo amekuwa akijiuliza alikosea nini. Mweleze habari ya maji, kwa upole, siku mkiwa wawili. Ugomvi wa shamba unaweza kuombewa huko kanisani, na goti likaendelea kwenda hospitali.

Nimebakiza mkeo. Umeniuliza umwambie kabla au baada ya kupanga tarehe, nami ningependa kukuuliza: miezi minne hii unamlinda yeye, au unajilinda wewe usiuone uso wake? Ukipanga tarehe peke yako ndipo umwambie, atasikia mambo mawili kwa mara moja, kwamba unakatwa na kwamba umemficha. Na ukumbuke ndiye atakayekushika mkono kwenda chooni zile wiki sita. Ndiye atakayejua kama biashara mnayo ya kuwashikilia, kama kuna ndugu wa kukopa kwake, kama mtoto wa kidato cha sita anaweza kumaliza kabla hamjaanza. Kisukari ndicho kilichomkata baba yake mguu. Mpeleke kwa daktari asikie mwenyewe tofauti hiyo, na amuulize maswali ambayo wewe unaona haya kuuliza.

Habari ya loji, sijui mkataba wako. Lakini umeandika kwamba una kijana uliyemfundisha, aliyekuinua kule Njiro. Vyumba 18, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti unapiga hesabu na kuangalia pimamaji, yeye na wenzake wakiwa chini: je, mwenye loji atakubali? Wewe utakubali? Jibu la hilo linaweza kukuonyesha utaishije miezi sita ya magongo, na hata utaishije ukiwa na miaka 55, kwa goti lolote utakalokuwa nalo.

Kabla ya yote hayo, itoe ile picha nyuma ya kabati. Ivute taratibu isikunjike. Ishike dirishani kukiwa na mwanga, mkiwa wawili, na umwonyeshe mkeo ule mstari mwekundu kwa kidole chako, kuanzia nyonga. Akinyamaza, mwache anyamaze. Halafu mwambie kuhusu bafu la Njiro, maana nina wasiwasi na hilo nalo hujamwambia.

Niandikie tena mwanangu, na umsalimie.